Karatasi Kutoka Sicily: Mafakihi wa Kiislamu na Nchi Zisizotawaliwa na Waislamu

Mwanzoni mwa karne ya 12, katika mji wa Mahdia kwenye pwani ya Tunisia ya leo, Imam al-Mazari aliletewa swali kuhusu karatasi. Hati za hukumu na ushahidi zilikuwa zikivuka bahari kutoka Sicily, zikiwa zimethibitishwa na kadhi Mwislamu wa huko. Lakini Sicily ilikwisha kutoka mikononi mwa Waislamu. Wanormani walianza kuiteka mwaka 1061, wakaimaliza mwaka 1091, na sasa kadhi aliteuliwa na mtawala Mkristo. Je, hati ya kadhi wa namna hiyo ikifika mbele ya kadhi wa Mahdia ipokewe, au itupwe?

Kwa al-Mazari jambo hili lilikuwa na uchungu wake. Ukoo wake ulitoka Mazara, mji wa Sicily, na jina lake ndilo linalosema hivyo. Alilijibu kwa vipande viwili. Kwanza alimtazama kadhi mwenyewe: kukaa kwake chini ya makafiri kunamwondolea uadilifu? Akasema mtu adhaniwe vyema. Huenda kashindwa kuondoka, huenda yuko pale kuwanusuru Waislamu wenzake au kwa matumaini ya kuwaongoa wengine. Kisha akautazama uteuzi: mkono wa mtawala asiye Mwislamu unaubatilisha ukadhi? La, kwa kuwa watu lazima wapate wa kuwaamulia, na dharura hiyo haiondoki kwa sababu bendera imebadilika. Hati zipokewe.

Anayetaka kuelewa jinsi mafakihi walivyozitazama nchi zilizo nje ya utawala wa Kiislamu aanzie kwenye karatasi hiyo. Wengi huanzia kwenye ramani: dunia imegawanywa vipande viwili, Darul Islam na Darul Harb, nyumba ya Uislamu na nyumba ya vita, basi. Ramani hiyo ipo vitabuni kweli. Ila walioichora walikuwa watu wa mahakama na fatwa, na kila mstari wake ulizaliwa na swali la mtu mwenye deni, mwenye mzigo bandarini, mwenye mume aliyebaki ng'ambo, au mwenye ndugu aliyetekwa.

Istilahi hizo mbili hazimo katika Qur'ani kama migawanyo ya sheria. Zilikua katika karne ya 2 ya Hijria, dola ilipokuwa imefika Andalusia upande mmoja na Sindi upande wa pili. Al-Awzai, aliyefariki mwaka 774, aliishi Beirut, karibu na mpaka wa Rumi, yaani dola ya Bizanti, akayaona majeshi yakienda na kurudi. Abu Yusuf, kadhi mkuu wa Harun al-Rashid mjini Baghdad, aliandika kitabu kizima kumjibu. Muhammad al-Shaybani, mwanafunzi mwenzake Abu Yusuf kwa Abu Hanifa, akazikusanya hukumu za vita, mapatano na wageni katika elimu iliyoitwa siyar. Karibu karne tatu baadaye al-Sarakhsi aliketi gerezani Uzgend, katika Kyrgyzstan ya leo, akiwasomea wanafunzi wake sherehe ya kazi ya al-Shaybani wakiandika. Kuna picha ya kutafakariwa hapo: mtu aliyefungwa na mtawala Mwislamu akieleza haki za mgeni atokaye nchi ya adui.

Neno dar lenyewe halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili, kwani limo katika jina la Dar es Salaam. Ni nyumba, ni makao. Neno harb ndilo linalotisha. Na isifichwe kwamba mafakihi wengi waliihesabu vita kuwa jambo la kawaida baina ya dola zisizo na mkataba. Imam al-Shafi'i aliona mtawala apeleke jeshi angalau mara moja kwa mwaka akiweza, na mapatano ya kusimamisha vita yasizidi miaka 10, kwa kipimo cha mapatano ya Hudaybiya kati ya Mtume na watu wa Makka, mwaka 628. Wahanafi waliruhusu zaidi ya hapo ikiwa maslahi yanataka. Watawala wa Rumi nao hawakuwa wakiitazama Baghdad kwa jicho la udugu.

Lakini kiini cha mgawanyo kilikuwa wapi? Abu Hanifa aliulizwa: nchi iliyokuwa ya Kiislamu inakuwa lini Darul Harb? Akaweka masharti matatu, na yote yatimie. Sheria za ukafiri ziwe ndizo zinazotawala. Nchi iwe imepakana na Darul Harb bila kitu kati. Na asibaki humo Mwislamu wala dhimmi (asiye Mwislamu aishiye chini ya ulinzi wa dola ya Kiislamu) mwenye usalama wake wa asili, ule aliokuwa nao kabla ya ushindi wa adui. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na al-Shaybani, wakamkatalia. Kwao sharti moja latosha: sheria inayotawala ni ipi?

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa wanafunzi, mtawala akibadilisha sheria nchi imeanguka. Kwa mwalimu wao, nchi yaweza kutekwa na watu wake wakabaki katika Darul Islam maadamu wanalala na kuamka bila hofu. Al-Kasani, fakihi wa Kihanafi aliyefariki Halab mwaka 1191, ndiye aliyeieleza vizuri sababu ya imamu wake. Alisema nchi haiitwi ya Uislamu au ya ukafiri kwa ajili ya imani zenyewe. Inaitwa hivyo kwa ajili ya amani na hofu. Penye amani ya Waislamu ndipo pao. Katika maandishi yote ya mlango huu, hakuna kauli yenye uzito kama hiyo.

Amani pia ndilo jina la chombo kilichoufungua mpaka. Mtu wa Darul Harb akitaka kuingia kufanya biashara, alipewa aman, ahadi ya usalama, naye akaitwa mustamin. Nani aliweza kuitoa? Jibu linashangaza hata leo: karibu Mwislamu yeyote mtu mzima. Mwaka 630, Makka ilipofunguliwa, Umm Hani bint Abi Talib aliwapa hifadhi watu wawili wa ukoo wa mumewe, ndugu yake Ali akataka kuwaua, naye akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kushitaki. Mtume akaipitisha hifadhi aliyoitoa. Juu ya kisa hicho mafakihi walio wengi walijenga hukumu kwamba neno la mwanamke mmoja laifunga dola nzima. Kuhusu mtumwa walibishana. Abu Hanifa alimzuia asipokuwa ameruhusiwa kupigana, wengine wakamruhusu.

Mfanyabiashara huyo akifika forodhani alikuta viwango. Kwa utaratibu unaonasibishwa na Khalifa Umar na kuandikwa na Abu Yusuf katika kitabu chake cha kodi, Mwislamu alitoa asilimia 2.5, dhimmi 5, na mtu wa Darul Harb 10. Kile kiwango cha 10 hakikuchaguliwa kwa chuki. Umar aliuliza wafanyabiashara Waislamu wanatozwa kiasi gani wakiingia upande wa pili, akaambiwa sehemu moja ya kumi, akaagiza wao nao watozwe hivyo hivyo. Mgeni akikaa mwaka mzima, Wahanafi walimtaka achague: aondoke, au awe mkaazi mlipa jizya.

Na Mwislamu aendaye kwao? Hapa madhehebu yalisimama karibu pamoja. Akiingia kwa amani yao, basi nao wako katika amani yake. Haibi, hadanganyi, hashiki silaha dhidi yao, hata kama jeshi la nchi yake liko vitani nao. Akikopa huko kisha akarejea kwake bila kulipa, kadhi wa Kihanafi angeweza kusema shauri hilo halimo katika mamlaka yake kwa kuwa deni liliingiwa nje ya mpaka. Bado mkopaji huyo aliambiwa kwamba mbele ya Mungu deni ni deni. Al-Shafi'i alikwenda mbali zaidi: kwake haramu ni haramu kila mahali, wala mpaka haubadilishi kitu. Abu Hanifa aliona mpaka unabadilisha mengi. Hakusimamisha adhabu za hudud kwa kosa lililotendwa Darul Harb, na aliruhusu kule muamala wa riba kati ya Mwislamu na mwenyeji. Abu Yusuf alimpinga katika hilo la riba. Tofauti hii ikumbukwe. Itarudi baada ya miaka 1,200.

Migawanyo miwili haikutosha tangu siku za mwanzo. Kisiwa cha Saiprasi kilifanya mapatano na Muawiya mwaka 649: kilipe dinari 7,200 kwa mwaka, nacho kikaendelea kulipa Rumi vilevile. Kisiwa kimoja, mabwana wawili. Zaidi ya karne moja baadaye, zama za Harun al-Rashid, watu wa Saiprasi walifanya jambo lililoonekana ni uvunjaji wa ahadi. Abdul-Malik bin Salih, gavana wa mipakani, hakutuma merikebu kwanza. Aliandika barua kwa wanazuoni.

Majibu yao yamehifadhiwa, na yanasomeka kana kwamba watu wamekaa chumba kimoja wakibishana. Al-Layth bin Saad wa Misri hakuwaamini watu wa kisiwa hicho hata kidogo, ila akataka wapewe mwaka mzima wa kuchagua: kuhamia nchi ya Waislamu, kuhamia Rumi, au kubaki na kuhesabiwa maadui. Sufyan bin Uyayna akasema wamevunja ahadi kama watu wa Makka walivyoivunja. Malik bin Anas wa Madina akataka pasiwe na haraka mpaka hoja iwe wazi juu yao. Musa bin Ayan akatetea ahadi iendelee, kwani walio wengi kisiwani hawakushiriki katika waliyoyatenda wakubwa wao. Ismail bin Ayyash akaenda upande wa huruma: hao ni wanyonge, Rumi inawaonea, na wajibu wa Waislamu ni kuwalinda. Hoja ya Musa, kwamba watu wa kawaida wasiadhibiwe kwa makosa ya viongozi wao, dunia ya leo yenye mikataba mingi bado haijaifikia kila mahali.

Nubia nayo ilikuwa na mapatano yake, baqt, tangu mwaka 652 jeshi la Abdallah bin Saad lilipoizingira Dongola likashindwa kuivunja mbele ya wapiga mishale wake. Uhusiano huo uliendelea, kwa kupanda na kushuka, karibu karne sita. Kwa nchi kama hizi mafakihi wa madhehebu ya Shafi'i walikuwa na jina la tatu: Darul Sulh au Darul Ahd, nyumba ya mapatano. Na kabla ya yote hayo kulikuwa na Uhabeshi. Waislamu wa kwanza walikimbilia huko kuanzia mwaka 615, kwa mfalme Mkristo, Najashi. Jafar bin Abi Talib na wenzake hawakurudi mara tu dola iliposimama Madina mwaka 622. Walibaki kwa Najashi mpaka mwaka 628. Miaka hiyo sita ni hoja nzito kwa kila aliyetaka kusema kwamba Mwislamu aweza kuishi kwa heshima chini ya mtawala asiye wa dini yake.

Je, aondoke au abaki? Hapo ndipo maisha ya watu yalipoguswa hasa. Imam Malik alichukia hata safari ya biashara kwenda nchi ambako Mwislamu atapitiwa na sheria za makafiri. Wafuasi wake wa Magharibi waliikaza kauli hiyo kadiri Andalusia ilivyokuwa ikimomonyoka. Mwaka 1491, miezi kabla ya Granada kuanguka, al-Wansharisi wa Fez aliandika fatwa juu ya wakimbizi waliovuka bahari, wakakuta umasikini Moroko, wakaanza kujuta na kutamani kurejea Castile. Aliwakemea vikali. Kuhama ni wajibu, alisema, na dhiki ya riziki si udhuru.

Swali la pili lililomfikia lilikuwa la mtu mmoja wa Marbella. Ndugu yake alipotea vitani. Alibaki kumtafuta mpaka akakata tamaa, kisha akaona ana kazi nyingine: alijua kuzungumza na maofisa Wakristo, na Waislamu masikini waliobaki walimtegemea awasemee. Aruhusiwe kukaa kwa ajili yao? Al-Wansharisi akakataa. Al-Mazari, Mmaliki mwenzake, alikuwa amemdhania vyema kadhi wa Sicily kwa sababu ileile, kwamba huenda yupo kuwasaidia wenzake. Vitabu ni vilevile na madhehebu ni yaleyale. Yaliyopita kati yao ni karne tatu na nusu za kupoteza mji baada ya mji. Ni vigumu kuisoma fatwa ya Marbella bila kumwonea imani mtu yule, na bila kuona pia hofu ya mwanachuoni aliyekuwa akitazama umma mzima ukizama.

Mwaka 1504, baada ya Waislamu wa Castile kulazimishwa kubatizwa, fatwa nyingine iliwavukia. Iliandikwa na Ibn Abi Juma, mwenye asili ya Wahran. Yeye hakuwaambia wahame. Aliwafundisha kubaki: mkikosa pa kusali, salini kwa ishara, mkikosa maji, guseni ukuta iwe tayammum, mkilazimishwa kunywa mvinyo, kunyweni nanyi mmechukia moyoni.

Washafi'i walikuwa na mlango mpana zaidi, na pwani ya Afrika Mashariki inahusika hapa moja kwa moja, kwa kuwa Minhaj ya al-Nawawi ndiyo iliyosomwa na makadhi wa Lamu, Mombasa na Zanzibar vizazi kwa vizazi. Kwao asiyeweza kuidhihirisha dini yake ahame akiweza. Anayeweza kuidhihirisha, kuhama ni sunna tu. Al-Mawardi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1058, amenukuliwa akisema zaidi: Mwislamu akiweza kuidhihirisha dini yake katika nchi ya ukafiri, nchi hiyo imekuwa kwake Darul Islam, na kukaa ni bora kuliko kuondoka. Izzuddin bin Abdissalam, Mshafi'i wa karne ya 13, naye aliona makafiri wakilitwaa jimbo kubwa na kuwateulia Waislamu kadhi, uteuzi huo upite ili maslahi ya watu yasipotee. Hukumu hiyo yapata mwili Kenya. Mwaka 1963 Jomo Kenyatta wa Kenya na Mohamed Shamte wa Zanzibar walikubaliana kwamba mahakama za kadhi za ukanda wa pwani zidumu katika dola mpya, na Katiba ya mwaka 2010 imeziweka katika ibara ya 170. Kadhi wa Mombasa anaajiriwa na dola isiyo ya dini, na talaka aliyoiandika inapokewa msikitini bila mtu kuuliza nani kamteua. Al-Mazari angeielewa ofisi hiyo mara moja.

Upande wa giza wa ramani nao uko pwani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika kwamba watu wake ni watu wa jihadi kwa sababu wamepakana na makafiri wa bara, na kwamba sultani al-Hasan bin Sulayman alivamia mara kwa mara, akatwaa ngawira na kuitenga khumsi yake, sehemu moja ya tano, kama kitabu kinavyosema. Katika nathari hiyo tulivu, bara zima ni Darul Harb. Baqt ya Nubia nayo ilidai watumwa 360 kila mwaka. Sheria haikuruhusu kumfanya mtumwa mtu huru ila kwa vita halali, na msafara wa wafanyabiashara wanaochoma vijiji usiku haukuwa na uhalali huo kwa kipimo cha fakihi yeyote aliyekuwa makini. Lakini jina la Darul Harb liliwapa wafanyabiashara kivuli cha kujifunika. Ahmad Baba wa Timbuktu, aliyewahi kutekwa na jeshi la Moroko na kuwekwa Marrakech mpaka mwaka 1608, alijaribu kukipunguza kivuli hicho. Mwaka 1615 aliwajibu watu wa Tuwat kwamba weusi si sababu ya utumwa, akazitaja nchi za Kiislamu kama Bornu, Kano na Katsina, ambazo mtu wake akidai uhuru asikilizwe. Alizitaja pia zisizo za Kiislamu. Waliotoka huko hakuwapa ulinzi wowote, na hilo lisemwe wazi.

Ramani ilikuja kupasuka rasmi kaskazini, mjini Mardin, katika Uturuki ya leo. Mji ulikuwa wa Waislamu, chini ya watawala Waislamu waliowatii Wamongoli. Ibn Taymiyya, mzaliwa wa Harran iliyo jirani, aliulizwa: huu ni Darul Harb au Darul Islam? Akajibu kwamba damu na mali za Waislamu wa Mardin ni haramu popote walipo, wasitukanwe kuwa wanafiki, na aliyeweza kusimamisha dini yake halazimiki kuhama. Mji wenyewe akauita murakkab, mchanganyiko: si hii wala si ile. Mwislamu aliyemo atendewe anavyostahili, na anayetoka nje ya sheria atendewe anavyostahili.

Toleo lililochapwa Cairo mwaka 1909 lilibadilisha neno la pili. Mahali pa yuamal, atendewe, pakaingia yuqatal, apigwe vita. Ni herufi mbili tu, ain na mim zikawa qaf na ta. Kwa usomaji huo fatwa ya kutuliza ikawa fatwa ya kushambulia, na Muhammad Abdul-Salam Faraj akaitegemea katika kijitabu kilichowatia ari waliomuua Rais Anwar Sadat tarehe 6 Oktoba 1981. Hati ya mkono iliyokuwa maktaba ya Zahiriyya, Damascus, ilikuwa na neno sahihi. Ibn Muflih, mwanafunzi wa Ibn Taymiyya, naye alilinukuu sahihi. Machi 2010 wanazuoni walikutana Mardin penyewe, Abdallah bin Bayyah akiwa miongoni mwa walioongoza, wakalitangaza sahihisho hilo. Miaka 101 ilikuwa imepita.

Wanazuoni wa karne ya 20, kama Muhammad Abu Zahra na Wahba al-Zuhayli, waliiona migawanyo ya kale kuwa maelezo ya hali ya wakati wake: dunia ambamo dola zimefungana kwa mikataba ni dunia ya ahd. Wengi leo wanakubali. Hata hivyo vitabu vya kale havijafungwa. Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti liliulizwa na Waislamu waishio Ulaya: je, inafaa kununua nyumba ya kuishi kwa mkopo wa benki wenye riba, ikiwa hakuna njia nyingine? Baraza, kwa wingi wa kura, liliruhusu. Nguzo yake ya kwanza ilikuwa haja inayoshuka mahali pa dharura. Ya pili ilikuwa kauli ya Abu Hanifa na al-Shaybani kuhusu riba katika Darul Harb.

Wapinzani walijibu kutoka ndani ya madhehebu hayohayo: Wahanafi waliokuja baadaye, Ibn al-Humam akiwamo, walieleza kwamba ruhusa ile ilikuwa pale ziada inapomwingia Mwislamu mkononi, na katika mkopo wa nyumba ziada inamtoka. Baraza likasema faida inamrudia, kwani mwisho wa miaka yake ya kulipa nyumba inabaki kuwa yake, ilhali kodi ya pango haimrudii kamwe. Mjadala huo unaendelea katika misikiti ya London na Leicester, kwa mtu anayehesabu pango la mwezi mkononi na jina la Abu Hanifa mdomoni.